Je, Wajua? Matone ya Moto Ndani ya Jiwe la Meru

Je, wajua kwamba jina la Meru limo katika orodha ya kimataifa ya vimondo? Limeandikwa kwa ufupi sana: Meru, Kenya, mwaka 1945, jiwe la kilo 6 hivi, aina ya LL6. Wakati huo Meru ilikuwa wilaya pana iliyomeza hata Tharaka-Nithi ya leo, kwa hivyo watu wa Maua, wa Nkubu na wa Chuka wote wana haki ya kulidai. Watu wa Embu nao wasinune. Habari yao iko mbele, na inahusu barabara.

Herufi hizo na tarakimu hiyo moja zimebeba mengi. LL inaeleza uhaba wa aina mbili: jiwe lina chuma kidogo, kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wake, na sehemu ndogo tu ya chuma hicho ndiyo metali tupu. Kilichobaki kimeshikana na oksijeni au salfa ndani ya madini. Jiwe la Thika, lililoshuka kwa mshindo Jumamosi asubuhi ya tarehe 16 Julai 2011 na kuokotwa vipande vya jumla ya kilo 14 hivi, ni la kundi la L, hatua moja juu ya lile la Meru kwa wingi wa chuma. Juu zaidi kuna kundi la H, lenye chuma kingi kuliko yote mawili.

Tarakimu 6 ni kipimo cha kuiva. Jiwe la 3 halijaonja moto wa maana tangu lilipoundwa. Jiwe la 6 lilikaa kwa muda mrefu kwenye joto la nyuzi mia nane au mia tisa za Selsiasi, likaiva bila kuyeyuka. Tarakimu 1 na 2 zimetengewa mawe yaliyobadilishwa na maji badala ya moto. Tutayafikia tukivuka mpaka kwenda Tanzania. Meru ni 6. Thika ni 6. Kilichoivishwa humo ndicho kisa chenyewe.

Je, wajua kimondo cha kawaida kimejaa matone?

Chukua kondraiti, aina ya kimondo inayoanguka mara nyingi kuliko nyingine zote, uikate kwa msumeno wa almasi na kuisugua mpaka ing'ae. Utaona vitufe vidogo vimesongamana, vikubwa vyake vikilingana na punje ya wimbi, vingi vikiwa vidogo kuliko hapo. Kila kitufe ni kondruli. Katika makundi ya H, L na LL, kondruli huchukua kati ya asilimia 60 na 80 ya jiwe zima. Nafasi iliyobaki hujazwa na vumbi laini na vipande vya metali. Na kwa kuwa vimondo zaidi ya vinane katika kila kumi vinavyoonekana vikianguka ni kondraiti, sehemu kubwa ya mawe yanayotujia kutoka angani ni vitufe hivi vilivyogandana.

Miamba ya kawaida ya Dunia haina mpangilio huo. Mwanakemia Edward Howard wa London na mwenzake Mfaransa, Jacques Louis de Bournon, waliuona mwaka 1802, enzi ambazo wasomi wengi walikuwa ndio kwanza wanakubali kwamba mawe yanaweza kushuka kutoka juu. Aliyesoma maana yake ni Henry Clifton Sorby wa Sheffield, mji wa wafua chuma nchini Uingereza, mmoja wa watu wa kwanza kuchunguza mawe kwa hadubini. Mwaka 1877 aliandika kwamba kila kitufe kiliwahi kuwa tone la mwamba ulioyeyuka, likielea peke yake, likaganda kabla ya kukutana na mwenzake. Alilinganisha hali hiyo na mvua ya moto, na akashuku kwamba Jua lilihusika. Vyombo vilivyokuja baadaye vimeongeza mengi juu ya maneno yake, lakini havijayapindua: ni matone.

Umbo la mviringo ni ushahidi wa kwanza, kwa sababu kimiminika kinachoelea bila kuguswa hujikunja kuwa tufe. Ushahidi wa pili ni kioo. Katikati ya fuwele za kondruli kumebaki kioo cha asili, na kioo hutokea pale mwamba ulioyeyuka unapopoa haraka kuliko fuwele zinavyoweza kujipanga. Ushahidi wa tatu unapendeza zaidi: zipo kondruli zenye vishimo, alama za kugongwa na nyingine zilipokuwa bado laini, na zipo pacha zilizoshikana ubavuni. Kwa hivyo zilikuwa nyingi mahali pamoja. Kumbuka jambo hilo.

Kilichomo ndani ya tone

Orodha ya viambato haishangazi: oksijeni, silikoni, magnesiamu na chuma kwa wingi, kisha alumini, kalsiamu na sodiamu kidogo. Vimejipanga kuwa madini mawili makuu, olivini na pairoksini, yakiwa yamezungukwa na kile kioo, na hapa na pale kitone cha chuma chenye nikeli au cha chuma kilichofungwa na salfa. Olivini si mgeni kwetu. Ipo ndani ya mawe meusi ya vilima vya Nyambene, yale yanayojengewa kuta za mashamba ya miraa, na ukilivunja jiwe vizuri juani unaweza kuona chembe zake za kijani.

Linaloshangaza ni namna fuwele hizo zilivyosimama. Kuna kondruli ambazo olivini yake imejipanga kwa pau sambamba, mstari kwa mstari. Nyingine zina pairoksini iliyotawanyika kama upepeo kutoka nukta moja ukingoni. Nyingi zaidi, zaidi ya nne katika kila tano kwenye kondraiti za kawaida, zina fuwele kubwa zilizosimama huru ndani ya uji laini ulioganda. Mpangilio huu wa tatu unajulikana sana kwa wanajiolojia waliofika Mlima Kenya. John Walter Gregory, Mwingereza aliyeupanda mlima huo mwaka 1893, aliupa mwamba wake mmoja jina la kenaiti kwa heshima ya mlima wenyewe. Ni lava yenye fuwele kubwa za feldispa zilizotapakaa katika mwamba wa rangi nyeusi. Kenaiti imepatikana pia kwenye Mlima Erebus, huko Antaktika, na naona raha kidogo kufikiri kwamba jina lililotoka Kirimara, yaani Mlima Kenya, limefika kwenye bara la barafu.

Tofauti hizo tatu hueleza joto la juu kabisa ambalo kila tone lilifikia. Fuwele huhitaji mbegu ya kuanzia, chembe ambayo haikuyeyuka. Tone lililopata joto pungufu kidogo ya kuyeyuka lote lilibaki na mbegu nyingi, kila mbegu ikakua, zikatoka fuwele kubwa zilizosimama huru. Tone lililoyeyuka kabisa lilipoteza mbegu zote. Lilipopoa lilichelewa kuganda, kisha fuwele zikafyatuka ghafla kutoka mahali pamoja na kuchora pau au upepeo. Watafiti wameyaiga haya maabarani kwa kuyeyusha unga wa madini yaleyale kwenye tanuri na kuupoza kwa mwendo waliouchagua, wakapata maumbo yote matatu. Ndivyo tulivyopata takwimu: joto la kati ya nyuzi 1,500 na 1,800 za Selsiasi, wakati mwingine zaidi, likidumu kwa dakika chache, kisha kupoa kwa nyuzi kumi hadi elfu moja kwa saa. Lava ya bazalti kama ile iliyojenga Nyambene hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 au 1,200 hivi.

Je, wajua swali gumu ni nani aliyewasha moto?

Hizo nyuzi kumi hadi elfu kwa saa zinaonekana nyingi, sivyo? Kwa tone la milimita moja lililo angani peke yake, huo ni upole wa ajabu. Tone dogo namna hiyo, likiachwa kwenye anga tupu na baridi, lingemwaga joto lake lote na kuganda kwa muda wa sekunde. Kondruli zilichukua saa, hata siku. Kwa hivyo mazingira yake nayo yalikuwa ya moto: matone mengi yakipashana joto, katikati ya gesi iliyochemka.

Sodiamu inasema vivyo hivyo. Ni elementi inayotoroka upesi ikipata joto. Kwenye nyuzi 1,600 ilipaswa kuvukiza na kupotea. Lakini imo, na uchunguzi wa kondruli za kimondo cha Semarkona cha India umeonyesha kuwa ilikuwa ndani ya matone tangu fuwele za olivini zilipoanza kukua. Itawezekana vipi? Itawezekana ikiwa matone yalisongamana kiasi kwamba mvuke wa sodiamu uliotoka tone moja ulirudi kwenye jingine. Lile wingu la gesi na vumbi lililozunguka Jua changa, kwa hesabu zote za kawaida, lilikuwa jepesi mno kuleta msongamano huo. Hapa ndipo wataalamu wanapoanza kutoleana macho.

Kundi la kwanza husema ni mawimbi ya mshtuko. Mshtarii ilipokuwa ikiundwa, au miamba mikubwa ilipokuwa ikikimbia ndani ya gesi kwa kasi kubwa, mawimbi ya shinikizo yalipita kwenye mafungu ya vumbi na kuyayeyusha papo hapo. Kundi la pili husema ni radi, cheche kubwa za umeme ndani ya wingu lenyewe. Kundi la tatu husema ni ajali: sayari changa, zingine tumbo lake likiwa bado kimiminika, ziligongana na kurusha matone pande zote.

Kwa kundi la tatu Afrika imetoa ushahidi mzito. Tarehe 3 Aprili 1984 kimondo kilianguka Gujba, katika jimbo la Yobe la leo nchini Nigeria. Kondruli zake ni kubwa kupita kawaida, nyingine ni za metali tupu, hazina mbegu wala vumbi la kuzishikanisha, na umri wake ni kama miaka milioni tano pungufu ya vitu vya kwanza kabisa vya mfumo wa Jua. Kufikia wakati huo wingu la gesi lilikuwa limekwisha kutawanyika, kwa hivyo hapakuwa na vumbi la kupigwa na wimbi. Watafiti wengi wamekubali kwamba kondruli za Gujba zilitokana na mgongano wa sayari changa mbili. Kwa maoni yangu kosa liko kwenye kutafuta chanzo kimoja. Kama Gujba ilipikwa na ajali, hakuna sheria inayolazimisha vitufe vya Meru vipikwe na ajali pia.

Je, wajua kondruli ina umri gani?

Saa yake ni urani inayogeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Vipande vyeupe vyenye kalsiamu na alumini vilivyomo kwenye baadhi ya kondraiti, kama ile ya Allende iliyoanguka Mexico mwezi Februari 1969, ndivyo vitu vikongwe kuliko vyote vilivyopimwa katika mfumo wa Jua: miaka milioni 4,567. Kondruli zilianza kutokea hapo au muda mfupi baadaye, na nyingi ziliyeyuka miaka milioni mbili au tatu baada ya vipande hivyo. Mlima Kenya ulikuwa ukitema lava miaka milioni tatu hivi iliyopita. Gawanya: kitufe kidogo ndani ya jiwe la Meru kimeuzidi mlima umri mara elfu moja na mia tano.

Kulikuwa pia na saa ya pili, iliyokwisha kusimama. Ni alumini-26, aina ya alumini yenye mnururisho ambayo nusu yake huisha kila miaka laki saba hivi. Leo haipo tena ndani ya kondruli, lakini magnesiamu iliyoiacha ipo, na kutoka kwayo wanapima kipi kilitangulia kipi. Alumini hiyo ndiyo ilikuwa kuni za jiko. Kondruli zilipokusanyika pamoja na vumbi na kuwa mwamba wa kilomita makumi, joto la alumini-26 lilijaa ndani bila njia ya kutoka. Juu, karibu na ngozi, kulibaki baridi, mawe ya 3. Katikati kuliwaka, na huko ndiko yalikotoka mawe ya 6.

Kwa jiwe la Meru, basi, kuna msiba mdogo. Vitufe vimo lakini joto lilivifuta mipaka: kioo kiligeuka feldispa, kingo zikayeyukiana na vumbi la jirani, na kiasi cha chuma ndani ya olivini kikasawazishwa kutoka kitufe hadi kitufe. Mwenye hadubini huvitambua kwa shida.

Fidia yake ipo. Mwaka 2010 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa kilirudi Duniani kikiwa na chembe zaidi ya elfu moja, ndogo kuliko upana wa unywele, zilizochotwa kwenye asteroidi Itokawa. Zilipochunguzwa zikaonekana ni za kundi la LL, nyingi zikiwa zimeiva hadi 5 na 6. Kwa mara ya kwanza chombo kilifika kwenye asteroidi, kikaleta sampuli, na kuthibitisha kwamba kondraiti za aina hii hutoka kwenye asteroidi kama hiyo. Mapato ya safari hiyo ya miaka saba yalikuwa vumbi la jamaa wa jiwe lililoletwa Meru bure. Jamaa mwingine ni kile kimondo cha Chelyabinsk, Urusi, kilichovunja madirisha na kujeruhi watu zaidi ya elfu moja tarehe 15 Februari 2013: LL5.

Upande wa pili wa mlima

Zunguka Mlima Kenya kwenda Laikipia. Usiku wa tarehe 28 Januari 1934, karibu saa tano kasorobo, mawe yalianguka karibu na Rumuruti. Kilichohifadhiwa ni kipande kimoja cha gramu 67 hivi, na kikakaa miaka mingi katika jumba la makumbusho la Berlin bila kusumbuliwa na mtu. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wa Ujerumani walikichunguza upya, wakakuta hakifanani na H, L wala LL. Metali tupu karibu haikuwepo kabisa. Chuma chake kingi kilikuwa kimeliwa na oksijeni, na olivini yake ina chuma kingi kuliko ya jiwe la Meru. Hata aina za oksijeni yenyewe zilitofautiana. Mawe machache ya Australia na Antaktika yalikuwa na tabia hiyohiyo, lakini Rumuruti ndilo pekee kati yao lililoonekana likianguka, basi kundi lote likapewa jina lake: kondraiti za R. Leo mtaalamu wa Tokyo au Houston akiandika herufi R, anataja kituo cha matatu cha Laikipia.

Jiwe la Rumuruti ni mchanganyiko. Vipande vyake vingine vimeiva hadi 6, vingine havijapita 3.8, kwa hivyo humo kondruli bado zinaonekana zikiwa na sura zao, za wastani wa milimita 0.4. Ukitaka kuona kilichofutwa Meru, Rumuruti ndiko pa kutazama.

Sasa shuka hadi kusini magharibi mwa Tanzania, upande wa Ziwa Rukwa. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna, gramu 705 zikaokotwa. Ivuna nayo imetoa herufi, ile I katika kundi la CI, na hapa kuna kichekesho: ni kondraiti isiyo na kondruli. Maji yaliyokuwa ndani ya mwamba wake mzazi yaligeuza karibu kila kitu kuwa udongo wa mfinyanzi mweusi, na kama iliwahi kuwa na vitufe, maji yalivila. Imebaki katika ukoo kwa sababu ya kemia yake. Ukiondoa gesi kama haidrojeni na heli, uwiano wa elementi zake ni ule wa Jua lenyewe, kwa ukaribu kuliko mwamba mwingine wowote. Watafiti wanapotaka kusema kondruli fulani imepungukiwa sodiamu au imezidi alumini, huilinganisha na mawe ya aina ya Ivuna. Jumba la Historia ya Asili la London lilinunua kipande chake mwaka 2008, na Wajapani walipoleta udongo wa asteroidi Ryugu mwaka 2020, ndugu wa karibu waliyempata alikuwa Ivuna.

Kwa hivyo Afrika Mashariki imeipa sayansi hii majina mawili ya makundi. Sijaona bango lolote barabarani Rumuruti linalosema hivyo.

Majirani wengine, kwa haraka

Sericho, katika kaunti ya Isiolo inayopakana na Meru: mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia walikuta mawe mazito mahali pasipo na mawe. Zimeorodheshwa zaidi ya tani mbili na nusu. Ndani ni chuma chenye olivini kubwa za rangi ya asali, zinazopitisha mwanga kipande kikikatwa chembamba. Hakuna kondruli hata moja, kwa kuwa mwamba mzazi uliyeyuka wote; chuma kikazama na olivini ikaelea, na Sericho ni mahali viwili hivyo vilipokutana. Wachungaji wa eneo hilo waliyajua mawe hayo kwa miongo.

Duruma, pwani, tarehe 6 Machi 1853: jiwe la L6. Waandishi wa Ulaya wa karne ile walisimulia kwamba wenyeji walilipaka mafuta na kulipamba kwa shanga, wakakataa kuliuza kwa wamisionari wa Kijerumani, hadi shambulio la Wamasai miaka mitatu baadaye lilipowafanya wavunjike moyo nalo. Sehemu kubwa yake iko Munich. Simulizi hiyo ni ya upande wa mnunuzi, na mnunuzi hupenda kueleza kwa nini muuzaji alikubali.

Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992: mvua ya mawe ya L5 na L6, jumla ya kilo 150 hivi. Kipande cha gramu 3.6 kiligonga mgomba, kikapunguza mwendo, kisha kikamwangukia kijana kichwani. Hakuumia.

Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024: pete ya chuma ya kilo 500 na kipenyo cha mita mbili na nusu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi. Hiyo ilitoka juu, lakini kiwandani ilitoka kwanza.

Na watu wa Embu je?

Ukishuka kutoka mjini Embu kuelekea Mbeere, kwenye barabara za murramu za Siakago, Kiritiri na Ishiara, utakanyaga vitufe vya mviringo kwa maelfu, vya rangi ya kutu, vizito kuliko vinavyoonekana. Ukivunja kipande kilichogandana utaona vitufe ndani ya jiwe, na mtu aliyesoma makala kama hii anaweza kusisimka. Hivyo si kondruli. Murramu hutengenezwa na maji: mvua huyeyusha chuma na alumini kidogo kutoka kwenye udongo, kiangazi hukausha na kuviacha vikiwa kutu, msimu baada ya msimu, ngozi juu ya ngozi. Kata kitufe cha murramu katikati uone miviringo iliyozungukana. Kondruli haina miviringo hiyo. Ina fuwele, kwa sababu iliganda kwa siku moja na haikukua kwa karne.

Anayetaka kupima jiwe lake ana njia rahisi. Kimondo kilichoanguka karibuni kina ganda jeusi jembamba, lisilofikia milimita moja, lililounguzwa hewani. Hakina vitundu kama vya lava au takataka za tanuri. Kikisuguliwa nyuma ya kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa, kondraiti mpya huacha alama hafifu au haiachi kabisa, hali murramu huchora mstari mwekundu au wa kahawia. Kisha sumaku. Jiwe la H au L litaivuta vizuri, la LL kama lile la Meru kwa unyonge, na la aina ya Rumuruti huenda lisiivute hata kidogo, kwa hivyo usilitupe jiwe kwa kipimo cha sumaku peke yake.

Wala usilioshe. Jiwe la aina ya Ivuna ni mfinyanzi mlaini wenye chumvi, na masika moja ya Meru yangelitawanya shambani lisionekane tena. Ndiyo sababu, ukiacha barafu ya Antaktika, kwa miaka mingi yalijulikana mawe matano tu ya kundi hilo duniani kote, na yote matano yalionekana yakianguka.